Exercism kwa timu ya watu sita: bure, haina cheti, na bado naipendekeza

Kama unatafuta cheti, usimalize bando lako: Exercism, tovuti ya mazoezi mafupi ya kuandika programu, haitoi cheti. Unaweza kumaliza mazoezi yote ya lugha nzima na usipate hata karatasi moja ya kumwonyesha ofisa rasilimali watu. Unachopata ni msimbo (code) wako kusomwa na binadamu mwingine, na huyo binadamu kukuuliza kwa nini umeandika hivi na si vile. Timu nyingi za programu hapa Dar vyeti wanavyo vya kutosha. Kusomwa ndiko hawana, na ndiyo maana tathmini hii naiandika kwa macho ya timu, si kwa macho ya mtu anayejifunza peke yake chumbani kwake.

Mimi naongoza timu ndogo, watu sita, ofisi yetu iko Kijitonyama. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS: hisa, akiba, mikopo, marejesho, gawio la mwisho wa mwaka, na yale malalamiko yanayokuja na gawio la mwisho wa mwaka. Nyuma tunatumia PHP ya Laravel, mbele JavaScript, na programu ya simu imeandikwa kwa Flutter. Wawili kati yetu ni wakongwe, waliobaki wametoka chuo si muda mrefu. Tatizo letu halikuwa watu kutojua kuandika programu. Kila mtu aliandika peke yake, hedifoni masikioni, akajifungia na kazi yake mpaka Alhamisi jioni, kisha akaishusha yote kwa mkupuo kwenye ombi moja la kuunganisha (pull request), yaani ombi la kuingiza msimbo wake kwenye mfumo wa pamoja baada ya mwenzake kuusoma. Mwenzake analifungua, anaona faili arobaini, anaandika “sawa” na kubonyeza kitufe cha kijani. Tuliita hiyo kupitia msimbo. Haikuwa hivyo.

Kabla ya Exercism ofisi iliwahi kulipia jukwaa moja la masomo ya video, sitalitaja. Vijana waliangalia video kwa kasi maradufu wakiwa wanakula, wakajibu maswali ya kuchagua jibu, wakatumiwa vyeti kwa barua pepe, na tukapigwa picha. Msimbo ulioandikwa baada ya picha ulikuwa ule ule wa kabla ya picha. Mhasibu wetu bado ananikumbusha bei yake kila nikiomba hela ya mafunzo.

Exercism ilianzishwa mwaka 2013 na Katrina Owen, mwandishi wa programu aliyekuwa akifundisha na akataka wanafunzi wapate mazoezi mafupi na waweze kusomeana kazi zao. Leo ni shirika lisilotengeneza faida lililosajiliwa Uingereza, linaendeshwa kwa michango, na lina lugha zaidi ya 70. Python, Java, PHP, Go, Kotlin, Dart, zote zimo. COBOL pia imo, na wanaofanya kazi kwenye mabenki wanajua kwa nini nimeitaja. Mazoezi yenyewe yako wazi GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi msimbo na kushirikiana. Ukikuta kosa unaruhusiwa kulirekebisha na kuwapelekea.

Utaratibu ni mwepisi. Unachagua lugha, unapakua zoezi, unapewa folda yenye faili karibu tupu la kuandikia, faili la testi lililojaa (msimbo unaopima kama wako unatoa majibu sahihi), na maelezo. Unaandika mpaka testi zote zipite, unawasilisha, halafu unaweza kuangalia wengine walivyolitatua zoezi hilo hilo au kuomba mshauri akusomee. Unaweza kufanya yote kwenye kivinjari. Mimi nawashauri watumie terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na sababu ni ya kikwetu kabisa: ukishaandika `exercism download --track=python --exercise=leap`, zoezi na testi zake vimeshashuka kwenye mashine yako. Umeme ukikatika na ruta ikazimika, laptopu yenye chaji inaendelea na kazi. Intaneti utaihitaji tena wakati wa kuwasilisha, na hapo unatuma faili dogo la maandishi ambalo hata bando la siku linalibeba bila kustuka.

Ila angalia lugha unayochagua. Kwenye JavaScript kila zoezi ni mradi unaojitegemea, na kila folda inataka ipakue vifaa vyake vya kuendeshea testi. Mtu mwenye bando dogo ataumia kama hajui kutumia pnpm, ambayo huhifadhi vifaa hivyo sehemu moja na kuvigawa kwa folda zote. Python ni nafuu zaidi: unaweka pytest, kifaa cha kuendeshea testi, mara moja, basi. Kwa upande mwingine JavaScript ina kitu kimoja ambacho ningependa lugha zote zikiige. Testi zote isipokuwa ya kwanza huja zikiwa zimefungwa. Unaipitisha ya kwanza, unafungua ya pili, unaipitisha, unafungua ya tatu. Kijana ambaye hajawahi kuandika testi maishani mwake anajikuta anafanya kazi hatua kwa hatua bila mtu kumhubiria. Kwenye Python testi zote ziko wazi, kwa hiyo tuliwaambia waendeshe pytest kwa `-x`, isimame kwenye testi ya kwanza inayoanguka, wasitishwe na ukurasa mzima mwekundu.

Sisi tulichagua Python, na si kwa ajili ya bando peke yake. Hakuna kati yetu aliyekuwa mtaalamu wa Python. Tungechagua PHP, mimi na mkongwe mwenzangu tungeongea na wengine wangenyamaza, kama ilivyo kwenye vikao vyote. Kwenye Python wote tulikuwa tunapapasa. Nawashauri viongozi wenzangu wafanye hivyo hivyo: chagueni lugha ambayo bosi haijui.

Kila Ijumaa saa tisa alasiri tunaingia chumba cha mikutano. Kila mtu ameshafanya zoezi moja, lile lile. Masuluhisho yanawekwa kwenye repozitori (hifadhi ya msimbo) yetu ya ndani, projekta inawashwa, chai inamiminwa. Tunafungua suluhisho moja, na aliyeliandika haruhusiwi kuongea kwanza. Wengine ndio wanaeleza wanavyolielewa, mstari kwa mstari. Akisikia wanaeleza tofauti na alichokusudia, hapo tayari ana jibu lake na hajatukanwa na mtu.

Zoezi la Leap ndilo lililonishawishi kwamba jambo hili lina mashiko. Swali lenyewe unalijua tangu shule ya msingi: mwaka fulani ni mrefu au si mrefu? Unagawanyika kwa 4, ni mrefu. Lakini kama unagawanyika kwa 100, hapana. Isipokuwa ukigawanyika kwa 400, ndiyo. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, 2100 hautakuwa. Mtu anaweza kucheka kwamba watu wazima wanalipwa mshahara kukaa chumbani kujadili hilo. Lakini sisi tunakokotoa riba ya siku, na mkopo uliotolewa tarehe 29 Februari 2024 unataka uamue kama unagawanya kwa 365 au 366, na katibu wa SACCOS anataka jibu moja, si mawili.

Suluhisho la kwanza kwenye projekta lilikuwa na `if` ndani ya `if` ndani ya `if`, ngazi tatu, kila moja na `else` yake. La pili lilikuwa mstari mmoja: `return year % 4 == 0 and (year % 100 != 0 or year % 400 == 0)`, ambapo `%` hutoa baki la kugawanya. Wengi wakashangilia la pili kwa sababu ni fupi. Nikamwomba kijana aliyeshangilia zaidi atueleze mwaka 1900 unapita vipi humo ndani. Alifika kwenye mabano akakwama, akarudi mwanzo, akakwama tena. Kisha tukamwomba aueleze kwenye lile la ngazi tatu; aliteremka nalo bila kusita. Mjadala ukawaka. Mwingine akauliza kwa nini tunaanza na 4 badala ya 400, wakati 400 ndiyo inayotoa jibu la mwisho. Tukahesabu: robo tatu ya miaka inatoka kwenye swali la kwanza kabisa ukianza na 4, na haihitaji kuulizwa tena.

Halafu likaja la tatu, la yule kijana mkimya kuliko wote. Mistari miwili: ameita maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya `calendar` iliyomo ndani ya Python, na `calendar.isleap(year)` ikamaliza kazi. Chumba kikanyamaza, wote wakanigeukia.

“Dada, hii si kuibia?” mmoja akauliza.

“Kuibia mtihani wa nani? Jumatatu ukiniletea `if` zako tatu wakati maktaba ipo, nitakurudishia.”

Mkongwe mwenzangu hakukubali. Alisema zoezi limewekwa ili ufikirie, na aliyeita maktaba hajafikiri. Nikamjibu kwamba kujua kuwa kitu tayari kipo nako ni kufikiri. Hatukuafikiana mpaka leo, na sioni ubaya. Kwenye ile video ya kulipia hakuna mtu aliyewahi kubishana na mtu kuhusu chochote.

Robot Name ni zoezi jingine ambalo kila timu inayotoa namba za risiti ingepaswa kulifanya. Roboti akiwashwa mara ya kwanza anapewa jina la herufi mbili kubwa na tarakimu tatu, kama RX837, na majina hayatakiwi kugongana. Herufi 26 mara 26 mara 1,000, majina ni 676,000. Yanaonekana mengi. Watatu wetu waliandika msimbo unaochagua jina kwa bahati nasibu na kuacha hapo, testi zikapita zote, wakawasilisha, wakaenda nyumbani na furaha zao. Testi za Python za zoezi hili hutengeneza roboti wachache tu, na kwa wachache huwezi kuona mgongano. Ijumaa tukaandika testi yetu wenyewe yenye roboti elfu moja na kuiendesha mara kadhaa. Ikaanguka, ikapita, ikaanguka. Hesabu inasema roboti wakifika elfu moja, uwezekano wa kuwapo angalau wawili wenye jina moja umeshavuka nusu, ingawa majina yaliyotumika hayafiki hata asilimia moja ya yaliyopo. Vijana hawakuamini mpaka wakaona kwa macho yao.

Mmoja alikuwa ametunza seti ya majina yaliyokwisha kutumika. Kila jina jipya analiangalia humo kwanza. Inafanya kazi, ila kadiri majina yanavyokaribia kuisha inazidi kuhangaika kutafuta lililobaki. Mwingine alitengeneza majina yote 676,000 mwanzoni, akayachanganya, akawa anatoa moja moja kutoka juu. Mgongano hauwezekani, ila ukizima programu na kuiwasha anaanza upya na amesahau alishatoa yapi. Hapo ndipo mtu akataja risiti. Anayetoa namba ya risiti kwa bahati nasibu akitegemea kwamba namba ni nyingi, anajenga juu ya mchanga. Sharti la kutojirudia likae kwenye hifadhidata yenyewe. Tulitoka chumbani saa kumi na moja, na hakuna aliyeangalia simu.

Testi zote kuwa kijani na msimbo kuwa sahihi ni vitu viwili. Nimewahi kulisema hilo mara nyingi kwa mdomo. Roboti walilisema vizuri zaidi.

Sasa washauri. Ukiwasilisha zoezi unaweza kuomba mtu akusomee, na anayekusomea ni mtu wa kujitolea, anaweza kuwa popote duniani. Kwa kuwa halipwi, hakuna ahadi ya muda. Ukitaka huduma yenye saa maalumu, hii siyo. Washauri wazuri hawakupi jibu, wanakuuliza. Mmoja alimwuliza kijana wetu swali moja tu: jina `data2` linamwambia nini mtu ambaye hajaiona `data1`? Kijana alikaa na swali hilo akilijadili na jirani yake wa meza, na tangu siku hiyo nimeacha kuona `data2` kwenye mfumo wetu. Mimi nilishaliandika neno hilo hilo kwenye kazi zake, bila mafanikio. Huenda kusomwa na mgeni kunauma kidogo zaidi, na kwa hiyo kunakaa.

Kikwazo kikubwa ni Kiingereza. Karibu kila kitu, maelezo, maoni na washauri, ni kwa lugha hiyo. Vijana wetu wanasoma Kiingereza cha kiufundi bila shida, lakini kumwandikia mtu asiyemjua aya nzima ya kujieleza ni jambo jingine. Nimeona mtu aliyeandika msimbo mzuri akafuta ombi lake la ushauri kwa kuogopa sarufi. Tulichofanya ni kuandika barua hizo wawili wawili: mmoja anaeleza kwa Kiswahili, mwingine anaandika. Faida ambayo hatukuitarajia ni kwamba maelezo yao ya mabadiliko kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, yakaanza kueleweka. Yale ya “fixed” na “update mpya” yakapungua.

Halafu hadithi za mazoezi zimetoka kwao. Zoezi la kwanza la dhana (yale yanayofundisha dhana moja moja ya lugha) kwenye Python linahusu kupika lazanya: inakaa jikoni dakika 40, kila tabaka linaandaliwa kwa dakika mbili, kokotoa muda uliobaki. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kula lazanya. Kuna jingine la kijana anayeitwa Bob ambaye anamjibu kila mtu ovyo ovyo, na kazi yako ni kuandika majibu yake. Ukilelewa kwetu unalifanya ukiwa umekunja uso. Hayo ni madogo, unayazoea, ingawa siku moja ningependa kuona zoezi la kugawa zamu za maji au kuhesabu nauli ya daladala. Kwa kuwa mazoezi yako wazi GitHub, hakuna anayenizuia kuliandika.

Yapo ambayo Exercism haifundishi, na meneja asidanganyike. Haikufundishi Git. Haikufundishi kubadilisha jedwali la hifadhidata lenye wanachama halisi ndani yake bila kusimamisha huduma. Haikufundishi kusoma msimbo wa mtu aliyeacha kazi, wenye faili lililoandikwa `usiguse`. Na juu ya yote, masharti ya kila zoezi yameandikwa wazi mpaka koma, wakati kazi yetu huanza kwa simu ya katibu anayesema “mfumo unakataa”, na asubuhi nzima inaisha kutafuta mfumo unakataa nini, kwa nani, na kama kweli unakataa au ni yeye hajabonyeza kuhifadhi. Kwa hayo utahitaji mafunzo mengine, na mengi hayapo mtandaoni. Yapo kwa mtu mzima aliyekaa na wateja.

Tena kuna suala la akili bandia. Maswali ya Exercism yanajulikana sana, ukimbandikia roboti wa maongezi zoezi la Leap anakupa jibu kabla hujakaa vizuri. Sikupiga marufuku. Kanuni yetu ya mwandishi kutoongea na wasomaji kuhoji ilimaliza kesi: wasomaji wakimaliza kueleza, wanamwuliza, na mtu aliyenakili anajulikana kwenye swali la pili. Kijana mmoja alileta suluhisho la kupendeza kuliko yote, akaulizwa kwa nini ametumia jenereta (msimbo unaotoa thamani moja moja) badala ya orodha, akacheka, tukacheka, Ijumaa iliyofuata akaja na la kwake. Lilikuwa baya na alilielewa lote.

Lakini swali la meneja ni moja: Jumatatu inabadilika nini? Kwetu kilichobadilika kwanza ni lugha ya maoni. Watu waliozoea kuulizana Ijumaa waliendelea kuulizana kwenye maombi ya kuunganisha ya kazi halisi. “Hii mbaya” ikawa “ikitokea mwanachama hana hisa, hapa inarudisha nini?” Pili, maombi yakawa madogo. Mtu akishaonja raha ya kusomwa mistari thelathini kwa makini, hataki tena kupeleka faili arobaini zipigwe “sawa”. Nilisaidia kidogo: tuliweka sharti kwamba mwenye kazi mbili zinazosubiri kusomwa hafungui ya tatu, aende kwanza akasome za wenzake. Nyuma ya sharti hilo kuna hesabu ya foleni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, ambayo hata mama ntilie anaijua bila kuisoma: muda wa wastani wa kusubiri ni idadi ya waliomo kwenye foleni ukigawanya kwa kasi ya kuwahudumia. Maombi 12 yakiwa wazi na timu inamaliza matatu kwa siku, ombi linakaa siku nne kwa wastani. Unaweza kuwaambia watu wasome haraka zaidi, au unaweza kupunguza 12. La kwanza hugombanisha watu, la pili huhitaji sharti tu.

Tatu, tuliondoa mabishano ya nafasi na nukta-mkato. Pint ya Laravel inapanga msimbo wenyewe, na testi zinaendeshwa zenyewe kila ombi linapofunguliwa, ili binadamu abakiwe na yale yanayohitaji akili ya binadamu. Hili halina uhusiano wa moja kwa moja na Exercism, ila vijana walilidai wenyewe baada ya kuzoea faili la testi linalokuambia ukweli ndani ya sekunde moja. Mwaka mzima nilikuwa nikiwaomba waandike testi. Sasa mtu analeta ombi lisilo na testi na mwenzake, si mimi, anamwuliza nitajuaje kwamba inafanya kazi.

Watu wa DORA, kundi la utafiti lililo chini ya Google, wana vipimo vyao maarufu vya timu za programu. Sisi tunaangalia viwili: muda tangu mabadiliko yanapoandikwa mpaka yanapomfikia mteja, na ni mangapi kati ya hayo yanavunja kitu. Tunaviandika ubaoni, tunavitazama kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, na hatumtaji mtu. Hapo naonya: Exercism ina alama za sifa na beji, na bosi mwenye nia njema atakuja kuuliza nani ana nyingi. Mnyime. Wakianza kushindana kwa idadi ya mazoezi watafanya mepesi mengi, watanakili, na kile kikao cha Ijumaa kitageuka paredi.

Kwa mtu anayejifunza peke yake naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya Kiingereza na kwa kukosa uhakika wa lini mshauri atakujibu. Kwa timu iliyo tayari kukaa pamoja saa moja kwa wiki, nyota tano. Kwa timu ambayo meneja atatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp na kuandika “wote mjisajili”, usijisumbue, haitafika mwezi.

Ukianza, pitia haraka mazoezi ya dhana, na ya vikao anza na Leap kwa sababu ni fupi na kila mtu atakuwa na maoni. Robot Name iweke wiki ya tatu au ya nne, watu wakishaacha kuoneana haya. Wanaopokea malipo ya simu kwenye mifumo yao wasikose Bank Account: akaunti inafunguliwa, inafungwa, na inapokea miamala mingi kwa wakati mmoja, na salio linatakiwa libaki sahihi. Kila anayejua adha ya taarifa ya malipo kuingia mara mbili atakuwa na la kusema, kwa hiyo hilo lipangieni saa mbili badala ya moja, na maandazi yaagizwe mapema.